Anko Alipokuja Sokoine

Mazungumzo yangu ya leo yanamhusu mshambuliaji mmoja mstaafu wa kandanda, lakini kabla sijamtaja ningependa kuitikisa kidogo dhana ambayo imekaa vichwani mwetu, sisi wapenzi wa mchezo huu katika Nyanda za Juu Kusini, kana kwamba ni sheria iliyoteremshwa: ya kuwa mchezaji akishajipatia jina Dar es Salaam, akavuka bahari, akafanyiwa majaribio na klabu za Ulaya na Marekani, kisha siku moja akaonekana amevaa jezi ya timu ya mkoani, basi mtu huyo ameanguka, na lililobaki kwetu ni kumsikitikia kwa sauti ya chini na kumcheka kwa sauti ya juu.

Mtu mwenyewe ni Mrisho Khalfan Ngassa, ambaye wapenzi wa soka humwita Anko. Mwezi wa Desemba mwaka 2016, akitoka Oman, alitia saini mkataba na Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji letu, na habari ile ilipofika Mwanjelwa na Kabwe, kisha ikapanda basi ikafika Miyomboni kule Iringa, ilipokewa kwa namna mbili ambazo kwa hakika zilikuwa ni moja. Wengine walifurahi, wakasema amekuja kwetu kwa kuwa kwingine kote kumemkataa. Wengine walinuna, wakasema maneno yale yale. Hapakuwa na mtu, au kama alikuwako mimi sikubahatika kukutana naye, aliyeuliza kama huenda mchezaji wa umri wa miaka 27, aliyekwisha kucheza Yanga na Simba na Azam, anaweza kupanda Kitonga kuja Mbeya kwa sababu yoyote isiyokuwa dhiki.

Wala siwalaumu sana waliosema hivyo, maadamu barabara kuu imetuzoeza. Tangu tupate akili tumeiona barabara hii ikichukua vijana wetu kuwapeleka mashariki, wala hatukuwa na desturi ya kuiona ikituletea nyota kutoka huko. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wenye mvua nyingi na migomba mingi chini ya mlima Rungwe, ilipanda daraja na katika msimu wake ule ule wa kwanza ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara, jambo lililowaacha wakubwa wa Dar es Salaam wakitazamana. Lakini haikuchukua muda wachezaji wake wakaanza kuteremka Kitonga mmoja baada ya mwingine, na Sekilojo Chambua, ambaye Yanga walimfaidi kwa miaka mingi, alipitia Tukuyu Stars kabla ya kuwa wa Jangwani. Mbeya City yenyewe, ilipoingia Ligi Kuu msimu wa 2013/2014 chini ya kocha Juma Mwambusi na kumaliza katika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, iliyafaidi matunda yake kwa muda mfupi tu: mwaka 2015 Deus Kaseke akaenda Yanga, na kabla mwaka haujaisha Mwambusi naye akamfuata huko kuwa kocha msaidizi. Mtu aliyezoea kuona maji yakiteremka, siku atakapoyaona yanapanda atadhani macho yake yana ila.

Sasa nitawaomba tuvuke bahari kidogo, twende Amerika Kusini, kwa sababu ni huko ambako sisi, bila ya kufika, tulijifunza nini maana ya mshambuliaji. Tumewaazima majina tangu enzi za Pelé, hata katika viwanja vya vumbi vya mitaani mwetu vijana wakaitana Zico, wakaitana Maradona, wakaitana Romário, na wako wazee leo ambao jina walilopewa na wazazi wao linajulikana na karani wa kijiji peke yake. Lakini katika kuazima majina tuliacha nyuma jambo moja ambalo lilikuwa na thamani kuliko majina. Romário huyu ambaye mwaka 1994 aliisaidia Brazil kutwaa Kombe la Dunia, akatangazwa na FIFA kuwa mchezaji bora wa dunia wa mwaka ule, mwanzoni mwa mwaka 1995, hali ni mchezaji wa Barcelona na sifa zake ziko kileleni, alifunga virago akarudi Rio de Janeiro kuichezea Flamengo. Ronaldo, baada ya Barcelona na Inter na Real Madrid na Milan, alimalizia Corinthians ya São Paulo, na huko ndiko alikotundika daluga mwaka 2011. Kwa watu wa huko, mshambuliaji anayerudi kucheza mbele ya mama zake wakubwa na wadogo ni mtu aliyelipa deni.

Ila mfano ninaoupenda mimi si wa hao wawili, kwa kuwa wao walibarikiwa mno, na mtu aliyebarikiwa mno hafundishi kitu. Mfano wangu ni Martín Palermo wa Argentina, aliyezaliwa La Plata mwaka 1973, mtu mrefu, mzito kidogo, ambaye ukimtazama akikimbia ungedhani amepotea njia akiwa anakwenda kazi nyingine kabisa. Mwaka 1999, katika mashindano ya Copa América yaliyochezwa Paraguay, Argentina ilipewa penalti tatu katika mechi moja dhidi ya Colombia, na zote tatu akazipiga yeye: ya kwanza ikagonga mtambaa wa panya, ya pili ikapaa juu ya lango, ya tatu ikapanguliwa na kipa, na Argentina ikafungwa mabao 3 kwa 0. Hebu fikirini, wasikilizaji wangu, jambo hilo lingemtokea mchezaji wetu mmoja Uwanja wa Taifa. Angehitaji kuhama mtaa, labda na mkoa. Palermo hakuhama. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, Boca Juniors walipokutana na Real Madrid mjini Tokyo kugombea Kombe la Mabara, alifunga mabao mawili kabla dakika ya saba haijaanza, na Boca wakashinda 2 kwa 1.

Kwa mabao yale Ulaya ikamwita, naye akaenda Villarreal ya Hispania, na hapo ndipo msiba ulipomkuta kwa namna ambayo mtunzi wa hadithi angeambiwa ametia chumvi. Alifunga bao katika mechi ya kombe mwaka 2001, akakimbilia ukingoni kushangilia na mashabiki, mashabiki wakausukuma ukuta mfupi wa jukwaa kwa furaha, ukuta ukamwangukia mguuni, mifupa ikavunjika, na Kombe la Dunia la 2002 likampita akiwa na magongo. Kisha Betis, kisha Alavés katika daraja la pili, pote pale bila ya kufua dafu. Mwaka 2004 akarejea Boca. Kwa hesabu ya baraza letu la Miyomboni, hapo Palermo alikuwa amekwisha: umri miaka 30, Ulaya imemshinda, amerudi alikotoka. Kumbe hapo ndipo kitabu chake kilipoanza sura iliyo nene kuliko zote. Alikaa Boca miaka saba mingine, akaipita rekodi ya mabao ya klabu ile na kuifikisha 236. Mwaka 2009, katika mvua kubwa na dakika zilizoongezwa, aliifungia Argentina bao la ushindi dhidi ya Peru, na Maradona, aliyekuwa kocha, akajirusha kwa tumbo majanini kama mtoto. Na mwaka 2010, akiwa na miaka 36, alifunga bao katika Kombe la Dunia dhidi ya Ugiriki. Alipoaga uwanja wao wa La Bombonera mwaka 2011, klabu ilimpa zawadi ya lango. Sisemi sanamu ya lango wala picha yake, nasema miti yenyewe ya goli pamoja na nyavu zake, achukue akaweke atakapopenda.

Na kwa kuwa tumeanza kuzungumza habari za watu wa Amerika Kusini, ni insafu tuutazame upande wa pili wa sarafu, maana nasi waliwahi kutujia. Mwaka 2014 Yanga, iliyokuwa chini ya kocha Mbrazili Marcio Maximo, ilimleta mshambuliaji Mbrazili aitwaye Jaja. Mwezi wa Septemba, katika mechi ya Ngao ya Jamii dhidi ya Azam, Jaja alifunga mabao mawili, Yanga ikashinda 3 kwa 0, na kwa muda wa siku chache Dar es Salaam ikawa haina jina jingine. Kisha ligi ikaanza, Yanga ikaenda Morogoro ikafungwa na Mtibwa Sugar 2 kwa 0, Jaja akakosa penalti, na kabla mwaka haujatimia alikuwa amekwisha kurudi kwao. Je, kuna mtu huko kwao aliyekaa barazani akasema Mbrazili yule ameaibika kwa kushindwa Tanzania? Sidhani. Mpira wa ugenini una baridi yake, chakula chake, lugha yake na upweke wake, na miguu haichezi peke yake bila ya moyo.

Haya, turudi kwa Anko. Alizaliwa mwaka 1989, mwana wa Khalfan Ngassa, ambaye wazee wa Mwanza wanamkumbuka kwa Pamba na wazee wa Msimbazi wanamkumbuka kwa Simba, hivyo kijana huyu aliingia katika kandanda kama mtoto wa fundi anavyoingia karakana, nyundo keshaijua kabla hajaambiwa jina lake. Kutoka Kagera Sugar alikwenda Yanga mwaka 2006, na mwaka ule ule Maximo alikabidhiwa Taifa Stars. Mbrazili yule alikuwa na msimamo mkali uliowaudhi wengi, aliwaacha nje wakubwa wenye majina na kuwaita vijana wasiokuwa nayo, na katika vijana hao Ngassa alikuwa na kitu ambacho hakifundishwi: mbio. Simaanishi mbio za kukimbia tu, kwani wakimbiaji tunao, na Mbulu wanao zaidi. Nasema mbio za hatua tatu za kwanza, ambazo ndizo zinazomtenganisha winga na beki wake, na baada ya hatua hizo tatu kila kitu kingine ni adabu.

Mwezi wa Februari mwaka 2009 Taifa Stars ilikwenda Ivory Coast katika mashindano ya kwanza ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Tulifungwa na Senegal 1 kwa 0. Tukatoka sare ya 1 kwa 1 na Zambia, sare iliyotutoa mashindanoni, ambayo hadi leo nikiitaja mbele ya watu wa Tunduma naonekana natafuta ugomvi. Lakini katikati ya mechi hizo mbili tuliwafunga wenyeji, Ivory Coast, kwao Abidjan, bao 1 kwa 0, na mfungaji alikuwa Mrisho Ngassa, hali hajatimiza miaka 20. Mimi naliona bao lile kuwa na uzito kuliko mengi aliyofunga baadaye, ingawa wako watakaonipinga wakanitajia mabao matano aliyowatia Somalia katika Kombe la Chalenji mwaka 2012, siku tuliyoshinda 7 kwa 0 na mawili yaliyobaki akayafunga John Bocco. Mabao matano ni mabao matano, sikatai. Ila kumfunga mwenyeji wa mashindano, mbele ya watu wake, na wewe umetoka nchi ambayo haijulikani kwa kandanda, hilo lina hesabu yake.

Baada ya Abidjan mlango wa Ulaya ulifunguka, au tuseme ulirudishwa kidogo pakabaki upenyo. Mwaka ule wa 2009 alikwenda London kufanya majaribio West Ham United, akarudi bila ya mkataba. Mwaka 2011 alikwenda Marekani kwa Seattle Sounders, na mwezi wa Julai, mbele ya watu zaidi ya 67,000, aliingizwa kipindi cha pili katika mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United, mechi ambayo wenyeji walifungwa 7 kwa 0. Akarudi tena. Maneno yaliyosemwa wakati huo juu ya kijana huyu mwembamba, kwamba hana mwili, hana nidhamu ya mbinu, amezoea wali wa nyumbani, yalikuwa mengi, na mengi yake yalitoka kwa watu ambao safari yao ndefu kuliko zote ilikuwa ni ya kwenda msibani Songea. Msinielewe vibaya, sisemi alistahili kuchukuliwa. Klabu zile zina macho yao na mizani yao. Nasema tu kwamba kuitwa mara mbili na kutopata si jambo la kuwekwa katika orodha ya dhambi za mtu.

Kati ya safari hizo mbili alikuwa ameshahamia Azam, mwaka 2010, na msimu wa 2010/2011 akawa mfungaji bora wa ligi. Lakini moyo, kama mjuavyo, haubebwi katika mkataba. Katika nusu fainali ya Kombe la Kagame mwaka 2012 aliifungia Azam dhidi ya AS Vita ya Kongo, na mambo yalipotulia akaonekana mbele ya umma akiibusu jezi ya Yanga. Mwajiri wake, kama ambavyo mwajiri yeyote angefanya, hakupendezwa. Akampeleka Simba kwa mkopo, adhabu ambayo kwa mtu wa Yanga sijui kama kuna jela iliyo kali zaidi. Alipotaka kurejea Jangwani mwaka 2013 pakazuka mgogoro wa mikataba, akafungiwa mechi sita na kutakiwa kurejesha fedha za Simba. Katika jambo hili simtetei. Mtu hutia saini kwa mkono wake, na mkono una masikio yake. Ila naomba mkumbuke kwamba wachezaji wetu wengi wa wakati ule walitia saini bila ya wakili, bila ya mshauri, mbele ya kiongozi mwenye bahasha na gari linalongoja nje.

Alipomaliza adhabu yake akatuonyesha tulichokuwa tumenyimwa. Mwanzoni mwa mwaka 2014 Yanga ilikutana na Komorozine ya Komoro katika Ligi ya Mabingwa Afrika, ikashinda 7 kwa 0 Dar es Salaam na 5 kwa 2 ugenini, naye Ngassa akafunga mabao matatu huku na matatu kule, na mabao hayo sita yakatosha kumweka, mashindano yalipokwisha, pamoja na wafungaji bora wa bara zima. Najua mtaniambia Komorozine si Mazembe. Ni kweli. Lakini raundi iliyofuata Yanga iliikabili Al Ahly ya Misri, mabingwa watetezi, ikashinda 1 kwa 0 nyumbani kwa bao la Nadir Haroub, ikafungwa 1 kwa 0 Misri, na kutolewa kwa penalti 4 kwa 3. Na waliotazama mechi zile watakumbuka kwamba mabeki wa Ahly hawakuwa watu wa kupanda mbele ovyo upande ambao Anko alikuwepo.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye, kwa maoni yangu, anastahili nusu ya mazungumzo haya, ingawa sitampa zaidi ya aya moja na ushee. Mwaka 2015 Ngassa alikwenda Afrika Kusini, Free State Stars ya Bethlehem, mji wa baridi ulioinuka kutoka usawa wa bahari kiasi cha Mbeya, na kocha aliyemtaka huko alikuwa Mmalawi, Kinnah Phiri. Vijana wengi wanamjua Phiri kuwa kocha aliyeipeleka Malawi katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2010 na kuifunga Algeria 3 kwa 0 kule Angola. Wazee wa Kyela na Kasumulu wanamjua kwa lingine. Wanamjua kuwa mshambuliaji aliyeifungia Malawi zaidi ya mabao 70 katika miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, katika kikosi kilichotwaa Kombe la Chalenji mara mbili mfululizo, 1978 na 1979, na ambaye redio za betri zilizokuwa zikishika mawimbi ya ng'ambo ya mto Songwe zilimtaja hata jina lake likawa kama la jirani. Baada ya Mwambusi kuondoka, Phiri huyu ndiye aliyekuja kuinoa Mbeya City. Kwa hiyo Ngassa alipoondoka Afrika Kusini, akapita Fanja ya Oman, nchi ambayo Kiswahili husikika majumbani na sokoni kiasi kwamba mgeni wa kwetu hapotei, na kisha akaja Mbeya, hakuwa akitupwa na upepo. Alikuwa akimfuata kocha anayemjua na anayejulikana naye, mshambuliaji mzee aliyemwita mshambuliaji asiye kijana tena, na nadhani walizungumza kwa lugha ambayo viungo na mabeki hawaielewi.

Nilimtazama katika Uwanja wa Sokoine. Wale mnaoujua uwanja ule mnajua unavyokuwa baada ya mvua ya mchana: Loleza umejifunika wingu hadi mabegani, majukwaa yamejaa jezi za zambarau na makoti mazito juu yake, wauza karanga wanapita wakiwa wamekumbatia ndoo zao, na mpira ukidondoka majanini haudundi, unakaa. Mtu aliyekuja kumwona Ngassa wa Abidjan alirudi nyumbani na kinyongo, kwa kuwa mbio zile hazikuwa zikionyeshwa ovyo. Hazikuwa zimekwisha, bali mwenyewe alikuwa amezifanyia ubahili. Mtazameni anapopokea mpira ukingoni. Beki wa pembeni anamngojea aanze kukimbia, keshajiandaa, uzito wake uko kwenye vidole. Ngassa hakimbii. Anausimamisha mpira chini ya soli ya kiatu, anamtazama yule beki kiunoni wala si machoni, anangoja. Kijana wa watu anachoka kungoja, anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kitendo kidogo ambacho yeye mwenyewe hajui kama amekifanya, na mpira umekwisha pita upande ule ulioachwa wazi. Na sasa, sasa tu, zinatoka hatua tatu. Krosi ikishapigwa, yeye anatembea kurudi mahali pake kama mtu aliyetoka kufunga mlango wa duka.

Pale jukwaani, mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu alikuwa akilalamika tangu kipindi cha kwanza kwamba mchezaji huyu mvivu, na kijana aliyekuwa naye, bila ya shaka mjukuu wake, akamwambia, "Babu, tazama beki anavyohema." Sikuongeza neno.

Ndiyo maana nasema baraza letu lilikosea hukumu. Tulimwona mtu aliyeshindwa Ulaya na Marekani, akashindwa Afrika Kusini, akashindwa Oman, akatufikia sisi mwisho wa orodha. Lakini mtu anaweza kuisoma orodha ile ile kutoka chini kwenda juu akapata maana nyingine: ya kuwa mshambuliaji huyu, ambaye kumbukumbu za Taifa Stars zinampa mechi 100 na mabao 25, alikuwa bado anautaka mpira baada ya kuambiwa mara nyingi kwamba mpira haumtaki, na kwamba kwa kuutaka huko hakuona haya kucheza Jumamosi Mbeya mbele ya watu waliovaa makoti, wala hakuona haya baadaye kwenda Ndanda ya Mtwara. Mwaka 2018 Yanga, katika kipindi ambacho klabu ile ilikuwa na njaa ya fedha na wachezaji wake wengi wameondoka, ilimrudisha. Palermo alirudi Boca akiwa na miaka 30. Ngassa alirudi Yanga akiwa na miaka 29. Hakuvunja rekodi huko, sitawadanganya. Alicheza, akafunga mara chache, akawaongoza vijana, na mwaka 2020 akaachwa katika kundi la wachezaji walioachwa, majina yakatoka kwa mfululizo kama matokeo ya mtihani, na kesho yake magazeti yakahamia kwa wanaosajiliwa.

Hapo sina budi kusema kwamba sisi watu wa kusini nasi hatukufanya bora. Msimu wake ulipokwisha hapa Mbeya hakukuwa na shughuli yoyote ninayoikumbuka. Simdai mtu amng'olee Ngassa magoli ya Sokoine akaondoke nayo kwenye lori, maana timu ya Prisons nayo inayahitaji. Lakini mechi moja ya heshima ingewezekana, na bado inawezekana: Mbeya City iite kikosi cha wakongwe wa Tukuyu Stars, ambao baadhi yao bado tunapishana nao Uyole na Tukuyu mjini, upande wa pili usimame na Anko na rafiki zake, Mzee Phiri aalikwe kutoka ng'ambo ya Songwe akae benchi lolote atakalo, na kiingilio kiwe cha kumwezesha hata mwanafunzi kuingia. Mkurugenzi wa jiji, kama uko karibu na redio, jambo hili halihitaji kikao cha zaidi ya saa moja.

Nimepokea ujumbe kutoka Kihesa, msikilizaji ananiuliza kwa ukali kwa nini Iringa hutajwa katika mazungumzo yangu kwa ajili ya baraza lake tu na si kwa timu zake. Hoja yake ina haki. Wiki ijayo, saa hizi hizi, panapo majaaliwa, tutaingia Uwanja wa Samora kuzungumza habari za Lipuli, na jinsi Wanapaluhengo walivyofika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Lindi mwaka 2019 wakafungwa na Azam kwa bao moja la Obrey Chirwa. Mwenye kumbukumbu ya safari ile ya mashabiki aniandikie kabla ya Jumatano.